Evil Dead: sauti nzuri iko kwenye mkanda, picha nzuri iko kwenye diski. Naviunganishaje?

Mwana wa Makorora (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mikanda ya zamani.

Nina VHS ya The Evil Dead, ile ya Sam Raimi ya 1981, vijana watano wanakwenda kulala kwenye kibanda cha mbao porini. Mkanda ulikuwa wa baba mdogo, aliyekuwa na banda la video hapa Makorora enzi zile za benchi na joto, watu wamebanana mpaka mlangoni. Nimeachiwa mkanda, deki yake na TV ya chogo, vyote vinafanya kazi.

Sasa nimepata Blu-ray ya filamu hiyohiyo, nimeletewa na mtu aliyekuwa anatoka Uingereza. Picha haina mfano. Mambo ambayo kwenye mkanda yalikuwa giza tupu sasa nayaona: mbao za ukuta, ukungu unavyotambaa chini ya miti. Lakini sauti si ile. Kwenye mkanda sauti inatoka sehemu moja, katikati, nzito, imebanana. Kile kifuniko cha kwenye sakafu kikigonga, kinakugonga kifuani. Kwenye diski wameitawanya kwenye spika tano: upepo unanizunguka kisogoni, kifuniko kinagonga pembeni, na maneno yamesafishwa yakabaki peke yake pale katikati kama taarifa ya habari. Nilikodi spika za watu nikasikilize vizuri, nikadhani labda ni za kwangu. Hapana. Filamu ilitoka na sauti ya mono, yaani ya chaneli moja; hii ya spika tano ilitengenezwa miaka mingi baadaye.

Nataka picha ya diski na sauti ya mkanda. Nimenasa sauti kwa kuunganisha deki na laptopu, nikaiweka chini ya picha. Inaanza sawa, halafu kadiri inavyokwenda mdomo na neno vinaachana. Mwishoni sauti imeshamaliza, picha bado inaendelea. Mkanda wangu toka picha ya kwanza hadi mwisho wa majina ni dakika 80 na sekunde 45 hivi. Diski ni 85.

Halafu rafiki yangu anayepiga video za harusi anasema picha ya diski ina chenga, niipitishe kwenye programu ya kusafisha ing'ae. Nafsi inakataa ila sina hoja ya kumjibu.

Na kuna mikanda mingine kwenye kabati ambayo sijathubutu kuicheza. Ukiangalia kwenye kioo cha kaseti unaona unga mweupe umeota pembeni mwa mkanda. Hewa ya Tanga mnaijua. Mmoja wao ni Evil Dead hiyohiyo, ila ina sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu yake.

---

Fundi Deki (Chumbageni)

Jirani, huo mkanda unaocheza umeshajieleza wenyewe. Tuanze na hesabu.

Filamu ya sinema inakwenda picha 24 kwa sekunde. TV zetu za PAL, mfumo wa TV unaotumika kwetu na Uingereza, zinakwenda 25. Waliokuwa wanahamisha filamu kwenda kwenye kanda za PAL hawakujisumbua, waliiendesha tu kwa 25. Kila kitu kikaenda mbio kwa asilimia 4 na ushee, na sauti ikapanda kwa kiasi kisichofika nusu toni kamili. Hukuigundua kwa sababu ndiyo uliyokua nayo. Diski yako ya Blu-ray inakwenda 23.976. Kwa hiyo sauti ya mkanda inabidi ipunguzwe kasi, iwe asilimia 95.904 ya ilivyo sasa. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, tumia amri inayobadili kasi na mlio kwa pamoja, uandike -4.096. Ile nyingine inayobadili kasi mlio ukabaki palepale usiiguse: inakatakata sauti vipande na kuviunga upya, unasikia inatetemeka, na vijana wako watabaki na sauti nyembamba. Tunataka mlio ushuke, urudi ulipokuwa 1981.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niache chai. Dakika 85 ukizikimbiza hivyo zinakuwa 81 na sekunde 31. Wewe unazo 80 na 45. Kuna sekunde 46 hazipo, na ukizirudisha kwenye mwendo wa filamu zinakuwa kama 48. Uingereza, bodi yao ya ukaguzi, BBFC, iliikata filamu hii sekunde 49 kabla ya kuiruhusu, na toleo hilo ndilo kampuni ya Palace ililolitoa mwaka 1983. Pamoja na kukatwa huko bado iliingia kwenye vurugu za mahakamani za video za kutisha, na toleo zima halikuruhusiwa kule mpaka 2001. Naamini mkanda wa baba yako mdogo ni mtoto wa ule wa Palace, au mjukuu. Angalia pale penseli inapoingia kwenye kifundo cha mguu, kisha pale shoka linapofanya kazi. Kama zinapita haraka kuliko kwenye diski, umepata jibu.

Hii inakupa kanuni ya kufanyia kazi yote. Sauti na picha zikiachana polepole, ni kasi. Zikiruka ghafla, ni mkasi. Ukishaweka -4.096, ukiona sehemu mambo yanaruka, usivute sauti kuinyoosha ifike. Simama hapo, kata, sogeza sauti mbele mpaka neno linalofuata likae mdomoni, uache pengo wazi. Endelea hivyo mpaka mwisho. Mapengo utayajaza baadaye.

Ila kabla ya yote hayo, rudia kunasa. Najua hujaniuliza, lakini hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Deki nyingi zilizokuwa mtaani zinasoma sauti kwenye mstari mwembamba ukingoni mwa mkanda. Mkanda wa VHS ya PAL unapita mbele ya kichwa cha sauti kwa sentimita 2.34 tu kwa sekunde. Kaseti ya redio inakwenda 4.76, mara mbili yake. Ndiyo maana sauti ya VHS haina cha kupoteza: kichwa kikikaa upande hata unywele mmoja, milio ya juu yote inaondoka. Fungua mfuniko wa deki. Fuata mkanda unapotoka kwenye ngoma inayozunguka, upande wa kulia utakuta kichwa kidogo kimesimama wima, na juu yake skrubu mbili tatu. Moja ndiyo inayolaza kichwa kushoto na kulia. Iwekee alama kwa kalamu ilipo sasa. Cheza sehemu ya mazungumzo, vaa hedifoni, zungusha taratibu sana, robo ya robo, huku unasikiliza herufi "s". Kuna mahali "s" itafunguka ghafla, na ukipita kidogo itajifunga tena. Iache pale ilipofunguka. Ukimaliza mkanda huo, irudishe kwenye alama, maana kila mkanda ulirekodiwa na deki yenye kichwa chake.

Tumia bisibisi isiyo na sumaku. Na TV ya chogo iwe mbali, inaingiza mvumo.

Kama deki imeandikwa Hi-Fi mbele, jaribu na upande huo, huenda mkanda una sauti ya pili iliyorekodiwa na vichwa vinavyozunguka, na hiyo ni safi zaidi sana. Nakala za mtaani mara nyingi hazina. Nasa kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24, picha na sauti kwa pamoja ili uwe na pa kulinganishia. MP3 weka mbali kabisa na kazi hii.

---

Mzee wa Projekta (Tanga mjini)

Wanangu, nimefurahi kuona kuna watu bado wanajali haya. Mimi niliendesha projekta hapa mjini wakati majumba ya sinema yanajaa. Hiyo picha ya kwenu sikuionyesha, mimi zangu zilikuwa za Kihindi, pamoja na zile za kutisha za kina Ramsay. Lakini mono naijua.

Sauti ya sinema ilikuwa ukingoni mwa filamu yenyewe, mstari mweupe unaonenepa na kukonda. Taa inapita kwenye mstari, mwanga unagonga seli, umeme unakwenda kwenye spika nyuma ya skrini. Skrini ina matundu madogo mengi, ukisogea karibu unayaona, ni ya kupitishia sauti. Na mitambo ya ukumbini ilipangwa makusudi kupunguza milio ya juu, kwa sababu mstari ule una mikwaruzo na mvumo. Waliochanganya sauti ya picha walilijua hilo, wakachanganya kwa kulitegemea. Kijana, ukiona sauti ya mkanda wako ni nzito na imezama juu, usikimbilie kuongeza treble. Ondoa mvumo wa deki kama unaweza, kidogo tu, halafu toa mkono.

Na huyo rafiki yako wa harusi mjibu hivi. Chenga za TV ni kelele iliyoongezeka njiani, picha ilikuwepo bila hizo. Chembe za filamu ndizo picha yenyewe. Hakuna kitu kingine nyuma yake. Nasikia hiyo ya kwenu ilipigwa kwa milimita 16, kisha ikakuzwa kwenda 35 ili iweze kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, basi chembe lazima ziwe kubwa na zionekane. Programu ya kusafisha haijui chembe ni ipi na kinyweleo cha ngozi ni kipi. Itafuta vyote, uso ubaki umepakwa nta. Kwenye picha ya kutisha, ambayo nusu yake ni giza, ukifuta chembe gizani unabaki na bonge jeusi.

---

Dada wa Bagamoyo

Shikamoo mzee. Kaka wa Makorora, wengine wamekujibu kuhusu mkanda unaocheza. Mimi nimeshikwa na ule wenye unga mweupe, kwa sababu huo ndio ulio hatarini.

Sauti ya mono ya Evil Dead iko duniani kwenye mikanda mingi. Marekani, Uingereza, Ujerumani, kuna mashabiki wana kanda na diski kubwa za leza, na wapo wanaofanya kazi hiihii unayotaka kuifanya. Ukishindwa, mwingine ataweza. Lakini sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu ya filamu ile inawezekana iko kwenye kabati lako tu. Watafsiri wale, wakina Lufufu na waliowafuata, hawakuwa wanasoma maandishi. Walikuwa wanaigiza wahusika wote, wanaeleza mji, wanampa mtu jina la mtaani, wanaonya watazamaji jini linapokaribia. Mimi nasoma sanaa hapa Bagamoyo, na nikitaka kumsikiliza mtu wa kazi ile kwenye filamu ya kutisha naambiwa mikanda iliandikwa juu yake, au ilitupwa mabanda yalipohamia DVD. Mabanda ya video ndiyo yalikuwa sinema ya watu wengi kwa miaka. Sauti iliyosikika pale Makorora ni ile. Nayo ni asili, kwa watu waliokaa kwenye yale mabenchi.

Naomba sana, usiuweke kwenye deki. Ule unga ni ukungu. Ukiuzungusha unasambaa kwenye vichwa, kisha unahamia kwenye mkanda wako mzima. Kwanza utenge na mingine, kwenye mfuko wa plastiki wenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uviweke vingi, uuache ukauke mpaka unga ubaki mkavu. Ukungu mbichi unapakaa, mkavu unafutika. Kisha vaa barakoa, fanya kazi nje, fungua kaseti kwa skrubu zake tano za chini, ufute mkanda kidogokidogo huku unauzungusha kwa mkono. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno. Na siku ya kuucheza tumia deki ya bei rahisi ambayo hutalia ikifa, siyo ya baba mdogo. Safisha vichwa kabla ya mkanda mwingine kuingia.

Kuhusu mapengo, usione haya kuyajaza kwa kitu chenye ubora tofauti. The Wicker Man ya 1973 ilikatwa, negativu zake, yaani filamu yenyewe iliyotoka kwenye kamera, zikapotea, na toleo refu lilipotolewa kwenye DVD, vipande vilivyorudishwa vilitoka kwenye mkanda wa video wa kurushia televisheni. Unaona kabisa picha inavyofifia na kurudi. Watu waliikumbatia hivyohivyo kwa miaka, mpaka nakala ya filamu ya 35 ilipopatikana kwenye hifadhi ya Harvard, likatoka toleo la 2013. Mtazamaji anavumilia kipande kibovu akijua kwa nini kiko vile.

Ila rangi usizichukue kwenye mkanda. Nakala ya nakala ya VHS inahama kuelekea wekundu au ukijani bila mpangilio. Suspiria ya Dario Argento ya 1977 ilizunguka miaka mingi kwenye matoleo yenye rangi zilizovurugwa, na nyekundu ya filamu ile ndiyo roho yake. Nakala zake za sinema zilichapwa Roma kwa njia ya zamani ya Technicolor, rangi tatu zinagandamizwa moja baada ya nyingine, ndiyo maana hazipauki. Kampuni ya Synapse walipoitoa upya 2017 walirudi kwenye negativu, mpiga picha wake Luciano Tovoli akasimamia rangi, na wakairudisha sauti ya Kiingereza ya chaneli nne iliyokuwa imeachwa. Huo ndio mfano ninaoupenda. Kila kitu kilitafutwa mahali kilipohifadhiwa vizuri zaidi.

---

Mpita Njia 77

Naomba niulize bila ugomvi. Hakimiliki je? COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, wakikukuta unagawa?

---

Fundi Deki (Chumbageni)

Swali halali. Filamu ina wenyewe, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inawalinda. Anachofanya jirani ni kuunganisha sauti ya mkanda alionao na picha ya diski aliyoinunua, atazame kwake. Akianza kuuza au kugawa filamu nzima hiyo ni habari nyingine, na mimi sitamsaidia. Nje huko mashabiki wengi wanatunza faili la sauti peke yake, na kila mtu anajinunulia diski yake. Njia hiyo naiheshimu, maana wenye filamu wanapata chao.

Filamu zisizo na mwenyewe zipo pia. Night of the Living Dead ya George Romero ya 1968 iliangukia mikononi mwa umma Marekani kwa sababu walipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani liliondoka nalo. Nakala mbovu zikajaa dunia nzima, mpaka negativu yenyewe ilipofanyiwa kazi na MoMA, jumba la makumbusho la New York, na The Film Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu, ikaonyeshwa 2016. Mtu anayetaka kujifunza mkono bila wasiwasi aanze na hiyo.

---

Mwana wa Makorora (Tanga)

Shikamoo mzee, na ahsanteni sana wakuu. Dada, umenigusa. Ule wa Kiswahili nimeshautenga.

Fundi, ni kweli kabisa. Penseli kwenye mkanda inaingia na kutoka, kwenye diski inazungushwa. Shoka nalo limepunguzwa. Nimeweka -4.096, na toka mwanzo mpaka pengo la kwanza midomo imekaa. Nilinyamaza nikasikiliza kile kifuniko cha sakafu kikigonga chini ya picha safi, nikamwita mke wangu aje asikie. Skrubu ya kichwa nayo nimeizungusha ulivyosema, "s" ikafunguka. Sikujua mkanda ule ulikuwa na sauti ya majani makavu.

Nimebaki na matatu. Mapengo nayajaza na nini hasa? Na diski yangu ina picha ya aina mbili, moja pana inayojaza TV ya kisasa, nyingine karibu mraba yenye weusi pembeni. Nitumie ipi? Na sauti ya Kiswahili nikiipata, niiweke juu ya ile ya mono?

---

Fundi Deki (Chumbageni)

Tumia ya mraba. Filamu ya 16 ndivyo ilivyo, na mkanda wako pia ni mraba, utalinganisha kirahisi. Ile pana imekatwa juu na chini.

Mapengo: chukua sauti ya diski kwa sekunde hizo tu, ibane chaneli zote ziwe moja, ikate milio iliyo juu ya kHz 10 hivi ifanane na mkanda, ishushe mpaka sikio lisishtuke. Pale inapoungana, fifisha moja na kupandisha nyingine kwa muda mfupi sana, usikate kavu. Kisha andika kwenye faili la maandishi linalokaa pamoja na kazi: kutoka sekunde fulani hadi fulani, sauti hii si ya mkanda. Atakayekuja baadaye na mono isiyokatwa abadilishe vipande hivyo bila kuanza upya.

Ya Kiswahili iweke peke yake, chaneli yake, faili lake. Usiichanganye na chochote, na usiisafishe. Ukikuta watu wanaguna au kucheka nyuma ya mtafsiri, acha.

---

Dada wa Bagamoyo

Na mwanzoni mwa mkanda ule wa Kiswahili, kabla filamu haijaanza, mara nyingi mtafsiri anajitaja na anasema yuko wapi. Nasa kuanzia hapo, mkanda ukiwa umerudishwa hadi mwanzo kabisa. Ukivuka salama, nijulishe hapahapa. Nitakuja Tanga na diski ngumu tuinakili mara mbili, moja ibaki kwako, nyingine niipeleke chuoni.

---

Mwana wa Makorora (Tanga)

Karibu sana dada. Isopropili ya 99 nimeambiwa wanayo mafundi simu wa Ngamiani, wanasafishia bodi. Kesho naifuata.